Chui Asiyeijua Kaskazi

Nataka kubishana na watu wawili. Wa kwanza ni yule asemaye kwamba pwani yetu ilishindwa na Wazungu kwa sababu ya mizinga, na akishatamka neno mizinga hufunga daftari kana kwamba somo limekwisha. Wa pili ni yule asemaye kwamba meli za Wazungu zisitajwe kabisa mbele ya watoto wetu, kwa kuwa tumetawaliwa vya kutosha, na kila dakika ya kumweleza mtoto habari za chombo cha mgeni ni dakika aliyoibiwa. Mabwana hawa hawapatani hata kidogo. Lakini nimewaona wakifundisha katika chuo kimoja cha ualimu, vyumba vimepakana, na wanachuo wakatoka kwa wote wawili bila kujua ni upepo gani unaovuma nje ya dirisha lao.

Sina haja ya kuwajibu kwa nadharia. Nitawajibu kwa meli moja, tangu ulipowekwa mkuku wake hadi ilipovunjika. Ni manowari ya Kiingereza iliyoitwa Leopard, maana yake Chui. Neno lenyewe manowari tumelitwaa kwa mabaharia wa Kiingereza, tukalinyoosha kwa ulimi wetu, na leo halina mwenyewe ila sisi. Basi na meli hii tuitwae vivyo hivyo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mkuku wa Leopard uliwekwa Portsmouth, kusini mwa Uingereza, mwaka 1776. Kazi ikasimama, mbao zikahamishiwa Sheerness, na chombo hakikushushwa majini hadi Aprili 1790. Miaka 14 kuunda meli moja! Fundi wa majahazi wa Mafia angechelewa hivyo, mwenye chombo angekwisha kufa na warithi kugombana. Ilipokamilika ilikuwa na mizinga 50 katika sitaha mbili: chini mizinga 22 ya kurusha tufe la ratili 24, juu mizinga 22 ya ratili 12, na midogo 6 ya ratili 6. Watu wake walikaribia 350. Kwa Ulaya haikuwa meli ya kutisha. Manowari za mizinga 50 zilikuwa zimeanza kupitwa na wakati, dhaifu mno kusimama katika safu ya vita pamoja na zile za mizinga 74, na nzito mno kukimbizana na manowari nyepesi. Kwa hiyo aghalabu zilipelekwa mbali, katika bahari za pembeni, ambako chui mzee huonekana simba. Huku kwetu hapakuwa na bandari iliyomiliki chombo cha kulingana nayo. Nalikubali hilo mapema ili bwana wa mizinga asije akasema nimemficha.

Mwaka 1776 huo huo una mambo mengine mawili. Mwezi Julai Wamarekani walitangaza uhuru wao. Mwezi Septemba, huko Kilwa, Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila kichwa. Yaani mbao za Leopard zilipokuwa zinachongwa, watu walikuwa wanauzwa katika pwani hii, na mmoja wa waliotia saini alikuwa mwenyeji. Nalitaja hili kwa ajili ya bwana wangu wa pili, apendaye historia yetu iwe nyeupe kama kanzu ya Idi.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Julai 1798 Napoleon aliteremsha jeshi lake Misri. London ikaingiwa na hofu kwamba atatokea Bahari ya Shamu na kwenda kuwasumbua Waingereza huko Bara Hindi. Haraka haraka kikatumwa kikosi kidogo chini ya Komodoro John Blankett: Leopard, iliyombeba yeye mwenyewe, pamoja na Daedalus na Orestes. Wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakaingia bahari yetu, wakaelekeza omo kaskazini. Walitakiwa wafike mlangoni mwa Bahari ya Shamu upesi iwezekanavyo, waufunge.

Upesi! Hapo ndipo kisa kinaponinogea, na naomba msomaji aniruhusu nisimame kidogo.

Mtoto yeyote aliyezaliwa pwani zamani alijua kwamba bahari hii ina funguo mbili. Kaskazi huanza kuvuma kuelekea mwisho wa mwaka na huendelea hadi Machi. Ndiyo inayoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili, hukaza Juni na Julai, kisha hulegea, ndiyo inayowarudisha. Wala si upepo tu. Katika pwani ya Somalia hata mkondo wa bahari hugeuka pamoja na msimu: wakati wa kusi hukimbilia kaskazini, wakati wa kaskazi hushuka kusini. Atakaye kupanda kutoka huku kwenda Aden mwezi Januari ana upepo usoni na maji yanayokimbia chini ya mkuku wake kumrudisha alikotoka. Ni mtu anayepanda ngazi inayoteremka.

Blankett alijaribu kupanda ngazi hiyo. Meli za matanga ya mraba, yaliyofungwa kwenye foromali za kukingama, haziwezi kuukaribia upepo sana; hulazimika kubisha, zikienda mshazari upande mmoja, kisha upande wa pili, maili nyingi za jasho kwa maili chache za faida. Jahazi lenye tanga la pembetatu huukaribia upepo kidogo zaidi, lakini hata nahodha wa jahazi hakuwa na uwendawazimu wa kubisha kutoka hapa hadi Ras Hafun wakati wa kaskazi. Alisubiri. Alikalafati chombo chake, akakipaka deheni, akauza alichonacho, akaoa pengine, akasubiri. Manowari zenyewe hazikusubiri. Zilipigana na upepo kwa majuma, maji ya kunywa yakipungua. Karibu na mdomo wa mto Juba mashua iliyotumwa pwani ilishambuliwa na wenyeji na afisa mmoja akauawa. Mwishowe Leopard na Orestes zikageuza omo, zikashuka na ule upepo ule uliozikataa, na Februari 1799 zikatia nanga Unguja kutafuta maji na chakula.

Tazama sasa picha hiyo. Mizinga 50, sitaha mbili, baharia mia tatu na ushei, bendera ya dola iliyokuwa inatawala bahari za dunia, na wako nje ya mji wa Unguja wanaomba maji. Kwa hesabu yangu ya darasani, watu 340 wakinywa lita 4 kila mmoja kwa siku, humaliza lita 1,360, na hapo hujapika wala hujafua. Unguja wakati huo ilikuwa chini ya liwali wa Sultan bin Ahmad, mtawala wa Muscat, ambaye miezi minne tu nyuma, Oktoba 1798, alikuwa ametiliana mkataba na Kampuni ya Kiingereza ya Bara Hindi. Hawakuwa maadui. Wangekuwa maadui, sijui mizinga 50 ingemsaidia vipi mtu mwenye kiu. Mzinga hauchoti maji.

Walipopata walichohitaji waliondoka tena kwenda kaskazini, na wakafika Bahari ya Shamu Aprili 1799. Aprili! Mwezi ambao kusi huanza, mwezi ambao majahazi nayo hung'oa nanga kurudi kwao. Jeshi la majini la Uingereza, kwa gharama zote zile na kwa damu ya afisa wake, lilifika kwa kalenda ile ile ya mwenye jahazi la tende. Angetia nanga Forodhani tangu Januari akala ndizi hadi kusi ianze, asingechelewa sana kuliko alivyochelewa.

Bwana wa mizinga ataniambia: mzee, humtendei haki mtu yule. Alikuwa na amri. Vita havingoji msimu, na mwanajeshi aliyeambiwa nenda hawezi kujibu kwamba upepo haujageuka. Ni kweli, na simlaumu Blankett sana. Alikuwa baharia mzoefu, na alikufia kazini Julai 1801 huko Mocha. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi kuliko inavyomsaidia yeye. Amri ile ilitoka kwa watu waliokuwa na ramani mezani, wakapima umbali kwa bikari, wakaona bahari ni njia. Kwa watu wa huku bahari ilikuwa njia miezi fulani na ukuta miezi mingine. Tofauti hiyo haikuwa katika ramani yao. Ilikuwa katika vichwa vya manahodha wa Unguja, Lamu, Kilwa na Sur, nao hawakuulizwa.

Na maarifa hayo hayakuwa ya kubahatisha, kama wanavyodhani wale wanaoyaita ya jadi huku wanatabasamu. Watu wa pwani walikuwa na mwaka wao ulioanzia Nairuzi, siku 365, wakauhesabu kwa miongo, yaani makumi ya siku. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, mvuvi alijua mwongo wa samaki, nahodha alijua mwongo wa kufunga safari na mwongo wa kuvuta chombo pwani. Kalenda ya Kiislamu, inayofuata mwezi, hukimbia siku kama 11 kila mwaka na haifai kupimia msimu. Kwa hiyo watu hao hao, Waislamu wema kabisa, wakashika kalenda mbili, moja ya kufunga Ramadhani na moja ya kufunga tanga. Makunduchi bado wanaadhimisha Mwaka Kogwa. Wageni huja na kamera kupiga picha za watu wanaochapana kwa migomba, wakaenda zao. Sijamwona mwanafunzi akiulizwa katika mtihani miongo ilihesabiwaje na kwa nini.

Bwana wa mizinga ana swali moja lililobaki, nalo ni zuri: kama tulijua hivyo, mbona tulitawaliwa? Namjibu kwa tarehe. Mizinga ilikuwako 1799, na yule mwenye mizinga akaomba maji akaenda zake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga jumba la Sultani wa Unguja, na kwa muda usiotimiza saa moja kazi ikaisha, na chombo cha Sultani, Glasgow, kikazama pale pale bandarini. Agosti ni kusi. Hakuna aliyejali ni kusi au kaskazi, kwa sababu meli zile zilikwenda kwa mvuke. Na kati ya tarehe hizo mbili, kuanzia miaka ya 1820, Kapteni Owen alikuwa amekwisha kuja na meli zake kupima pwani yote hii, kila mwamba, kila mlango, kina cha kila bandari, akayaandika. Mashine ya mvuke iliwapa uwezo wa kuupuuza upepo wetu, na vipimo vya Owen vikawapa maarifa ya miamba yetu. Mzinga ulikuja wa tatu. Lakini darasani unatajwa wa kwanza, na aghalabu unatajwa peke yake, kwa sababu una mlio.

Nahamia kwa bwana wa pili, maana namwona amekwisha kunyoosha mkono. Anasema: kwa nini basi uhangaike na Leopard? Tufundishe Nairuzi na miongo, tufundishe mtepe na jahazi, huyo Chui wa Portsmouth akalale.

Kwanza, bwana wangu, bila huyo Chui usingekuwa na ushahidi. Safari ile iliandikwa na Luteni Bissell, aliyekuwamo, na maandishi yake yakachapishwa London mwaka 1806. Nahodha wetu wa wakati ule alikuwa na elimu, lakini hakuiandika safari ya mtu aliyeshindwa kupanda na kaskazi. Kwake haikuwa habari, kama vile kwako si habari kwamba mtu aliyeingia mvuani amelowa. Mgeni ndiye aliyeshangaa, na kwa kuwa alishangaa, aliandika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ushindi wa kaskazi juu ya mizinga 50 umehifadhiwa na walioshindwa. Kuukataa ushahidi kwa sababu umeandikwa na Mwingereza ni sawa na hakimu kumkataa shahidi wa upande wa pili anayekiri.

Bissell mwenyewe, nasema hili kwa masikitiko, bahari hii hii ilimchukua. Februari 1807 alikuwa nahodha wa manowari Blenheim, kuukuu na yenye mkuku uliokwisha kupinda, iliyomchukua Admirali Troubridge kutoka Madras kwenda Rasi. Ilionekana mara ya mwisho katika tufani karibu na kisiwa cha Rodrigues, haikuonekana tena. Orestes nayo ilikuwa imekwisha kupotea katika Bahari ya Hindi na watu wake wote mwaka 1799 huo huo, miezi tu baada ya kunywa maji ya Unguja.

Pili, mtoto wa Temeke akiisoma Leopard mpaka mwisho anaona dunia ikijifunga fundo mbele ya macho yake. Tarehe 22 Juni 1807, nje ya pwani ya Virginia, meli ile ile iliifuata manowari ya Marekani iitwayo Chesapeake na kutaka ipekue mabaharia wake, ikidai wamo waliotoroka jeshi la majini la Uingereza. Kamanda James Barron alikataa. Leopard ikamimina mizinga ya ubavu mzima juu ya meli ambayo haikuwa imejiandaa kwa vita; Wamarekani waliweza kujibu kwa mzinga mmoja tu, uliowashwa kwa kaa la moto lililoletwa kutoka jikoni. Watu watatu walikufa papo hapo, 18 wakajeruhiwa, na mmoja wa majeruhi akafa baadaye. Waingereza wakachukua mabaharia wanne. Mmoja, Jenkin Ratford, alikuwa Mwingereza kweli. Wakamnyonga Halifax, Kanada, mwisho wa Agosti. Watatu, William Ware, Daniel Martin na John Strachan, walisema wao ni Wamarekani waliokamatwa na kutumikishwa kwa nguvu melini. Daniel Martin aliandikwa kuwa mtu mwenye asili ya Afrika. Ware alifia kifungoni. Wawili waliobaki walirudishwa Boston mwaka 1812, vita vilipokuwa vimekwisha kutangazwa.

Hapa pana jambo ambalo bwana wangu wa pili angelipenda kama asingekuwa amefumba macho. Machi 1807 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa. Juni mwaka huo huo meli ya Uingereza inaua watu ili irudishiwe mabaharia ambao baadhi yao walikuwa wamekamatwa na kutiwa kazini bila ridhaa yao. Sisemi ubaharia wa lazima ni utumwa. Mtoto wa baharia hakuzaliwa mali ya mtu. Nasema kwamba mwalimu akiweka tarehe hizo mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, darasa litazungumza lenyewe hadi kengele. Hata hahitaji chaki ya pili. Na anaweza kumrudisha mtoto Kilwa, kwa Morice na zile piasta 20, na mtoto akaona kwamba katika biashara ile hapakuwa na pwani ya malaika na pwani ya mashetani.

Wamarekani wanaikumbuka Leopard kwa dakika zile chache tu za 1807. Hasira yake iliwafikisha, Desemba ya mwaka ule, kwenye sheria ya kuzizuia meli zao wenyewe zisiende nchi za nje, na ikachangia vita vya 1812. Waingereza nao wanaikumbuka zaidi kwa hadithi kuliko kwa historia. Mwandishi Patrick O'Brian aliitia katika riwaya yake ya Desolation Island, iliyotoka 1978. Kila mwenye haja na Chui amekata kipande cha ngozi anachokitaka. Kipande chetu, kile cha kaskazi, kiu na Unguja, kimebaki sakafuni, na si Mmarekani wala Mwingereza mwenye wajibu wa kukiokota.

Mwisho wa meli hauna utukufu. Iliondolewa mizinga mingi, ikafanywa chombo cha kubebea askari. Juni 1814 ilikuwa inawachukua askari 475 wa Kikosi cha Royal Scots kuwapeleka Quebec, ikapanda mwamba katika kisiwa cha Anticosti, Ghuba ya Mtakatifu Lawrence. Watu wote wakaokoka, chombo kikaachwa hapo.

Basi nini kinachonikera hata nikaandika haya yote juu ya mbao zilizooza zaidi ya miaka 200 iliyopita? Nakaa Temeke. Upepo ukiwa mzuri nasikia honi za meli za Kurasini kitandani kwangu. Kila siku maelfu ya watu wa wilaya hii huvuka maji au huishi kwa kinachovushwa na maji, na shule zetu zinafundisha bahari kana kwamba ni habari ya Ureno. Tarehe 18 Julai 2012 boti iitwayo Skagit, ikitoka hapa Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, katika upepo mkali. Walikufa wengi, wanawake na watoto wengi miongoni mwao. Boti ile iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa kuvusha abiria katika maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington, ikauzwa mwaka 2011, ikaletwa huku. Julai ni kusi iliyokaza. Sina kazi ya kuhukumu mtu, na waliokuwa na kazi hiyo walikwisha kuifanya. Nauliza tu kama mwalimu: katika umati ule wa gatini asubuhi ile, abiria wangapi walikuwa wamewahi kufundishwa, popote, kwamba Julai ni mwezi wa namna gani baharini? Kila chombo kwa wimbile, walisema wazee, na hawakuwa wanatunga methali ya kupamba ukuta wa ofisi. Walikuwa wanaeleza jinsi ya kutokufa.

Wataniambia sasa kuna somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingia katika mitaala iliyoanza kutumika 2024, na linafundishwa kwa Kiswahili. Nafurahi, tena sana. Nimeisubiri siku hiyo kwa miaka mingi. Lakini lugha ni mlango tu. Tukiingia kwa mlango wa Kiswahili tukabeba sanduku lile lile la zamani, ujio wa Wareno, ujio wa Waarabu, ujio wa Waingereza, tutakuwa tumetafsiri usingizi. Ujio, ujio, ujio! Mtoto anadhani babu zake walikuwa wamesimama ufukoni karne baada ya karne, mkono juu ya nyusi, wakihesabu matanga. Hakuna mahali anapoambiwa kwamba mgeni naye alikuwa anawatazama wao ili ajue lini aondoke.

Siombi kitabu kipya. Naomba ukurasa mmoja. Upande mmoja ramani ya pwani kutoka Msumbiji hadi Bab el Mandeb, yenye mishale miwili, mwekundu wa kaskazi na wa buluu wa kusi, na miezi yake imeandikwa. Juu ya mishale hiyo njia ya Leopard, kwa nukta nukta: inavyopanda Januari, inavyokwama, inavyoshuka Unguja Februari, inavyofika Aprili. Chini yake maswali mawili. Kwa nini meli yenye mizinga 50 ilishindwa? Wewe ungeondoka mwezi gani?

Ukurasa huo nimeuchora kwa mkono wangu, kwa kalamu za rangi za mjukuu, na nakala zake nimewapelekea walimu watatu ninaowafahamu, wawili hapa Temeke na mmoja Mbagala. Wawili hawajasema kitu. Wa tatu alinirudishia wangu kwa adabu, umekunjwa vizuri ndani ya bahasha, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu: Shikamoo Mwalimu Mkuu, ni nzuri, lakini haitoki kwenye mtihani.